Herufi R Haina Watu

Fomu ilikuwa na mistari kumi na minne. Vestine alipofika mstari wa kumi na tatu, alinyanyua kichwa.

"Bwana Libère, hapa wanauliza idadi ya milango. Milango ya nyumba?"

"Ya nyumba."

"Na huu wa mwisho, mbwa. Yupo, hayupo."

"Unasoma vizuri," alisema Bwana Libère, akacheka kwa pua. Alikuwa mkuu wa ofisi, mnene, mpole wa sauti, mwenye tabia ya kujikuna kidevu kwa kifuniko cha kalamu. "Milango ni kwa ajili ya zimamoto. Mbwa ni kwa ajili ya kichaa cha mbwa. Serikali inawajali watu wake, binti. Andika tu."

Vestine Gwiza alikuwa na miaka kumi na tisa, yote ameiishi Remera, mtaa wa Kigali, na hakuwahi kuliona gari la zimamoto likipanda barabara yao. Lakini alikuwa pale kwa staji, mafunzo ya kazini ya wiki sita, na bila cheti cha staji chenye sahihi ya Bwana Libère asingeingia mwaka wa tatu. Akaandika.

Chuo kikuu kilimpeleka kwenye ofisi hiyo ya wakazi mwanzoni mwa Februari 1994. Alisoma sayansi ya habari, somo ambalo mtaani kwao halikumpatia heshima yoyote. "Miaka minne unajifunza kupanga karatasi?" jirani mmoja alimtania mbele ya watu bombani. "Mimi napanga nyanya tangu sijaota maziwa, mbona sijapewa digrii?" Wote walicheka, naye akacheka nao, akarudi nyumbani na ndoo yake akiwa na hasira hadi jioni. Aliipenda kazi ile. Alipenda kwamba kitu chochote, kikiandikwa vizuri kwenye kadi na kadi ikakaa mahali pake, mtu asiyekujua anaweza kukipata miaka hamsini baadaye bila kukuuliza.

Ofisini alizikuta kadi za kaya zimerundikwa kwenye masanduku ya viatu, sabini na mawili, mengine yameliwa na panya. Alipewa chumba, meza, na kabati la droo. Kila kitu kingine katika ofisi ile kilikuwa kibovu: paa, choo, simu iliyolia peke yake na kunyamaza ukiipokea. Kabati lilikuwa jipya. Lilinukia vanishi, na droo zake zilifunguka bila sauti.

Kazi ilikuwa na ugumu mmoja, na mwalimu wao chuoni aliwaonya mapema. Kwetu mtoto harithi jina la baba. Kila mtu hupewa lake anapozaliwa, kwa hiyo ndugu watano wana majina matano, na ukiwasoma kwenye karatasi huwezi kujua kwamba walinyonya ziwa moja. Mahali pengine unapanga ukoo mzima kwenye herufi moja unakwenda kulala. Hapa lazima uandike kadi za ziada za kuelekeza: ukimtafuta huyu, tazama yule. Vestine alizikata kadi hizo kwenye karatasi ngumu ya rangi ya waridi, ili zionekane kwa mbali.

Hapo ndipo ubora wake ulipomponza.

Nyuma ya choo palikuwa na stoo, na ndani ya stoo madaftari makubwa ya zamani kutoka wilaya za mashariki, ya miaka ya sitini, yaliyofungwa kwa kamba ya katani. Hakuna aliyemwambia ayaguse. Aliyafungua siku ya mvua kwa sababu alikuwa amemaliza kazi ya siku hiyo na hakuwa mtu wa kukaa bure. Akaona ajabu. Wapo watu walioandikwa mara mbili. Katika daftari la zamani, mtu yupo kwenye kilima alikozaliwa, na baba, na mama, na ndugu zake mstari kwa mstari. Katika kadi mpya ya Kigali mtu yuleyule, mwaka uleule, kilima kilekile, yuko peke yake, kama aliyeshuka kutoka mbinguni na kitambulisho mfukoni.

Kumwacha mtu mmoja katika sehemu mbili bila kuziunganisha kulikuwa, kwa mafunzo yake, uchafu. Vestine aliunganisha. Kwa baadhi yao mstari wa kabila haukufanana: daftari la zamani lilisema Mtutsi, kitambulisho cha sasa kilisema Mhutu. Aliuona mstari huo jinsi mtu anavyomwona nzi ukutani. Fahirisi yake ilikuwa ya majina. Kabila halikuwa kazi yake.

Kwa siku tisa, kutoka A hadi K, aliandika kadi za waridi arobaini na moja.

*

Mtu wa viatu safi alianza kuja wiki ya tatu. Njia ya kufika ofisini ilikuwa ya udongo mwekundu, na mvua zilikuwa zimeanza, na kila mmoja aliingia na tope hadi kwenye vifundo. Yeye aliingia na viatu vyeusi vinavyong'aa. Hakuna aliyemtambulisha. Bwana Libère alimpa kiti, yeye akakihamisha hadi ukutani, akaketi, akaomba droo ya A. Alisoma kadi moja moja akichezesha midomo bila sauti. Akikutana na kadi ya waridi alitoa daftari la shule, lile lenye jedwali la kuzidisha nyuma, akanakili.

Siku ya pili Bwana Libère aliingia na chupa ya Fanta, akaifungua kwa meno mbele ya Vestine kama mjomba.

"Kunywa, mwanangu. Unajua ulichokifanya?"

"Nimefika K, Bwana."

"Umetupatia watu arobaini na mmoja tuliokuwa tumewapoteza." Akamgeukia yule wa ukutani. "Si ndivyo?"

Mtu wa viatu safi alimtazama Vestine kwa mara ya kwanza. Hakuwa na sura mbaya. Ndiyo aliyoikumbuka Vestine baadaye na kushindwa kuieleza, kwamba ilikuwa sura ya mtu wa kawaida, wa kukaa naye benchi moja kanisani.

"Endelea," alisema.

Siku hiyohiyo chuma chembamba kinachopita kwenye matundu ya kadi kilifungwa kufuli kwenye kila droo. Sasa Vestine aliweza kuongeza kadi mpya nyuma ya droo, lakini kutoa ya zamani hakuweza. Funguo zilikaa mfukoni mwa Bwana Libère. Vestine aliona ni jambo jema. Alikuwa amesoma kwamba ofisi nyingi haziheshimu kadi zake.

*

Jumapili walikula nyama. Xavérine, mamaye Vestine, aliyeuza mandazi kituo cha mabasi cha Remera, aliinunua kwa ajili ya sifa za bintiye; akaikata vipande vidogo vidogo ili ionekane nyingi. Baba, Rutayisire Eustache, alikuwa mtunza stoo katika ghala la mizigo kwenye uwanja wa ndege wa Kanombe. Alikuwa mtu wa maneno machache, aliyekunja shati lake la kazi kila siku kwenye mikunjo ileile.

Vestine alisimulia yote: masanduku, madaftari, kadi za waridi, Fanta.

"Walikuwa wamewapoteza," alirudia Eustache.

"Ndivyo alivyosema, baba."

"Na waliopotea, wenyewe walijua kwamba wamepotea?"

Vestine akacheka. "Baba! Ni lugha ya ofisi tu hiyo."

"Haya." Eustache alimega ndizi, akaishika bila kuipeleka mdomoni. "Sasa mmefika herufi gani?"

"M. Tunapanga kwa jina la mkuu wa kaya."

"N ni ndefu."

"Ndefu sana. Wiki nzima hivi. Halafu O na P hazina watu wengi."

"Halafu?"

"Halafu R."

"R," alisema Eustache, taratibu, kama abiria anayesikia kituo chake kinatajwa. Chini ya meza alikuwa akihesabu siku kwa vidole, Xavérine aliviona. Kisha akachukua kipande chake cha nyama, akakirudisha sufuriani. "Nyama nzuri, mama Vestine," akasema. "Mtakula kesho."

*

Asubuhi iliyofuata Xavérine alizungumza akiwa amempa bintiye mgongo, akigeuza mandazi kwenye mafuta.

"Baba yako alipozaliwa aliandikwa vingine."

"Vingine vipi?"

"Unajua vipi. Usinifanye nilitaje na majirani wanapita." Akatoa mandazi matatu, akatia mengine matatu. "Mwaka wa sabini na tatu alikuwa sekondari. Walibandika orodha kwenye mlango wa darasa, majina ya wanaotakiwa kuondoka. Lake lilikuwa la sita. Alitembea siku nne hadi huku. Kuna karani alimwandikia kitambulisho kipya, akaandika Mhutu, na babu yako akatoa ng'ombe. Basi. Baba yako hakurudi kwao tena, hata kuzika. Nami niliolewa na mtu wa kitambulisho hicho."

"Kwa nini hamkuniambia?"

"Tukuambie nini? Kwamba wewe ni kitu gani? Kabila lako linafuata kitambulisho cha baba, na kitambulisho kilikuwa kimetulia." Sasa akageuka. Uso wake ulikuwa umejaa mvuke na machozi ya moshi. "Kilitulia miaka ishirini na mmoja, Vestine. Mpaka ukaenda shule ya kupanga karatasi."

Vestine alitaka kusema kwamba hakuna aliyemwambia ayafungue yale madaftari, lakini alipoyasikia maneno hayo kichwani mwake akaona kwamba yanamhukumu yeye zaidi ya mtu yeyote. Mandazi yakaungua. Xavérine aliyatia kwenye ndoo na mengine mazima. Siku hiyo mteja mmoja kituoni alimtupia lake miguuni, akamwambia aende akajifunze kupika, naye akaliokota akamwomba radhi.

Jumanne Eustache aliomba ruhusa kazini, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata alipougua malaria. Mchana kweupe alitoboa ukuta wa nyuma wa jiko kwa sururu, tofali moja baada ya jingine, akiyapanga pembeni vizuri. Jirani wa nyanya akaja kushangaa.

"Mzee Eustache, unaongeza mlango? Umekuwa tajiri?"

"Moshi," alisema Eustache. "Unamuua mke wangu."

"Mlango wa moshi! Mwenzio hutoboa dirisha."

"Moshi wetu mnene," alisema Eustache, na jirani akaondoka anacheka.

Kadi ya kaya yao, iliyojazwa na karani aliyepita mwezi wa kwanza, ilisema milango miwili. Mbwa, hayupo.

*

Vestine alijaribu kwanza kuzitoa zile kadi. Kufuli zilikuwa ndogo lakini za kweli. Kisha akakumbuka daftari lenye jedwali la kuzidisha, akaelewa kwamba hata akilichoma kabati zima, majina yamekwishahama. Kilichobaki ni kuwaambia wenyewe. Anwani alikuwa nazo kichwani. Ndiyo kasoro ya wakutubi.

Alianza na Kaliza, mshonaji, mjane aliyeandikwa mkuu wa kaya, anayekaa nyuma ya uwanja wa Amahoro. Jumamosi saa sita mchana alimkuta barazani kwenye cherehani yake, na watoto wawili wakikusanya vitambaa.

"Karibu, dada. Gauni ama sketi?"

"Nimetoka ofisi ya wakazi, mama."

Mguu wa Kaliza ulisimama kwenye kanyagio. Alimtuma mtoto mmoja alete maji ya kunywa, wa pili akamwambia amfuate mwenzake. Vestine alikunywa kwa sababu hakujua aanzeje. Kisha akasema, kwa sauti ya chini, kwamba jina lake limeunganishwa na daftari la zamani, na kwamba kuna watu wanalisoma, na kwamba kama ana ndugu mahali pengine ingefaa aende kumtembelea.

"Na wewe umejuaje?"

"Mimi ndiye niliyeandika."

Kaliza alimtazama toka usoni hadi miguuni. Viatu vya Vestine vilikuwa vya mama yake, vimejazwa karatasi puani ili visimtoke. Ghafla alitamani kuvificha.

"Ulilipwa?" aliuliza Kaliza.

"Hapana, mama. Ni staji."

"Aa. Staji." Kaliza akacheka, kicheko kizuri kabisa, cha mtu aliyesikia kichekesho. "Wamekutuma unione nitasema nini, si ndiyo? Nenda uwaambie Kaliza hana ndugu. Hana mahali pengine. Nenda uwaambie kadi yake imeandikwa vizuri." Akaichukua ile glasi mkononi mwa Vestine, akatoka nayo hadi kwenye ndoo, akaanza kuiosha kwa majivu, huku Vestine angali amesimama pale barazani. Akaisugua. Akaisuuza. Akaisugua tena.

Vestine alifika nyumba kumi na moja. Katika saba walimwambia kama Kaliza. Katika tatu hawakumfungulia, ingawa alisikia watu wakipumua upande wa pili wa mlango. Katika moja mzee alimshukuru, akambariki, akamwomba amtajie kwa kichwa kadi yake yote, neno kwa neno, na alipofika kwenye milango na mbwa mzee akamkatiza: "Mbwa nilikuwa naye. Alikufa wiki iliyopita. Hakuwa anaumwa."

*

Katika N, O na P Vestine alizipunguza kadi za waridi kadiri alivyoweza, lakini mtu wa viatu safi alikuwa amekaa ukutani, na madaftari ya zamani sasa yalikuwa mezani pa Bwana Libère. Jumla ikafika sitini na tatu. Kisha ilipoanza wiki ya R, mtu huyo hakuja. Jumatatu hakuja. Jumanne hakuja. Vestine aliona ni rehema, akaomba madaftari ya zamani, akapewa.

Alimkuta baba yake katika mojawapo, ukurasa wa arobaini na tatu. Rutayisire, mwana wa Gakwaya. Chini yake, kwa mwandiko uleule wa kalamu ya wino, palikuwa na wasichana watatu, mmoja mkubwa wake na wawili wadogo. Vestine alikuwa na shangazi watatu. Aliyasoma majina yao mara nyingi, akijaribu kuyasikia jinsi ambavyo mtu angeyaita kutoka uani. Hapakuwa na alama yoyote ya kuonyesha walikoishia.

Alifunga daftari. Hakuandika kadi ya waridi ya baba yake. Hakuandika ya mtu mwingine yeyote wa R. Waliandikwa mara mbili watu wengi pale, zaidi ya ishirini aliwaona kwa macho yake, akawapita. S akafanya vivyo hivyo. T, U, Z. Kadi nyeupe zilijaa moja baada ya nyingine, safi, zimenyooka, na hakuna aliyeelekezwa kwa mwingine. Usiku alilala. Alidhani kwamba kutoandika ni sawa na kutosema.

*

Alhamisi, katikati ya Machi, Bwana Libère alimwita chumbani kwa kabati saa tano asubuhi. Mtu wa viatu safi alikuwa amerudi, ameketi palepale ukutani. Droo zote zilikuwa zimevutwa nje. Kutoka mlangoni Vestine aliona alichokuwa hajakiona kwa sababu alizoea kukaa karibu: upande wa kushoto wa kabati ulikuwa na madoa ya waridi toka juu hadi chini. Upande wa kulia ulikuwa mweupe kabisa.

"Kazi nzuri," alisema Bwana Libère. "Nimeshangaa tu. A hadi P, watu sitini na tatu. R hadi Z, hakuna. R! Nusu ya wanaume wa nchi hii wanaitwa kwa R. Wewe umeonaje?"

"Hawakuwepo, Bwana."

"Hawakuwepo." Alijikuna kidevu. Hakuonekana kukasirika, alionekana kama mwalimu anayemsaidia mwanafunzi ampendaye. "Mtu akiwa anatembea barabarani, binti, hasimami bila sababu. Ama amechoka, ama amefika kwake."

Simu ililia chumba cha pili, ikanyamaza.

"Tuyaache," alisema Bwana Libère. Akavuta mtoto wa meza, akatoa cheti cha staji, karatasi nene yenye muhuri tayari. Akaandika alama: vizuri sana. Akatia sahihi. Kisha akarudi juu ya karatasi. "Jina lako tunalo. Jina la baba?"

Vestine aliitazama kalamu.

"Acha wazi, Bwana. Watajaza chuoni."

"Haiachwi wazi. Wewe ndiye mtaalamu, unajua."

"Basi nitaleta kitambulisho chake kesho. Kuna jina la ubatizo silikumbuki vizuri."

"La ubatizo silihitaji." Bwana Libère alitabasamu, na ukutani midomo ya yule mwingine ikasimama. "Niambie herufi ya kwanza tu."

Vestine aliviona viatu vile vikisogezwa pamoja, kisigino kwa kisigino, kama vya mtu anayejiandaa kunyanyuka. Akasikia sauti yake ikisema kwamba anakwenda msalani. Hakuna aliyemzuia. Alipita mezani pake, akaacha mwavuli, akaacha koti, akatoka. Kwenye ngazi alisikia chuma kikichomolewa kwenye kadi, kile kinachotoa mlio mrefu mwembamba, na hakuhitaji kuambiwa ni droo ipi. Kadi ya kaya inayo majina ya watoto. Inayo kazi ya baba, na mahali pa kazi. Aliipanga mwenyewe wiki iliyopita.

*

Alimkuta mama yake kituoni na ndoo ya mandazi iliyobaki nusu. Hakusema mengi. Xavérine alimkabidhi ndoo mwanamke wa jirani, akasema anarudi sasa hivi, akaenda nyumbani akavaa gauni la Jumapili, akapitia jikoni akatokea upande wa migomba. Alikwenda Kagugu kwa dada yake kwa miguu, hana hata mfuko, kama mtu anayekwenda kwenye ibada. Vestine alimsindikiza kwa macho hadi alipokuwa doa la bluu kilimani, kisha akashika njia ya Kanombe.

Mvua ilimpiga, ikaacha, jua likamkausha. Alivua viatu akatembea peku. Ilikuwa saa tisa na robo alipofika kwenye lango la ghala la mizigo. Mlinzi, mzee mwenye koti refu, alikuwa akimenya muwa.

"Shikamoo. Namtafuta Rutayisire Eustache, wa stoo."

"Rutayisire leo iko na bahati," alisema mlinzi. "Wewe iko mutu ya pili."

"Wa kwanza ni nani?"

"Bwana moja, alikuja na pikipiki. Viatu safi, kama ya harusi! Nikamwambia Rutayisire iko ndani, nimuite? Akasema hapana, hapana, usimusumbue. Alitaka kujua tu anatoka saa ngapi." Mlinzi akatema makapi ya muwa. "Nikamwambia saa kumi na moja. Kila siku saa kumi na moja, huyu muzee haibadiliki hata dakika. Si ni kweli?"

"Ni kweli," alisema Vestine. "Niitie. Mwambie ni binti yake."

Eustache alitokea kati ya makontena akiwa na penseli nyuma ya sikio. Alipomwona bintiye, peku, bila koti, hakukimbia wala hakupaza sauti. Alitembea kama kawaida yake hadi langoni.

"Wamefika R," alisema.

"Wamefika, baba."

"Mama yako?"

"Kagugu."

Eustache aliitikia kwa kichwa mara moja. Alivua beji ya kazi, akaifuta kwa kiganja, akaiweka kwenye dirisha la kibanda cha mlinzi. Mlinzi akaitazama beji, akamtazama Vestine, akautazama muwa wake. Kisha, kwa sababu ndiyo kanuni na kanuni haimjui mtu, akasukuma mbele daftari la lango.

"Sahihi, muzee. Na saa ya kutoka."

Eustache alichukua penseli. Kwa miaka kumi na sita aliandika katika daftari lile saa aliyoingia na saa aliyotoka, na hakuwahi kuzidisha wala kupunguza. Sasa aliandika jina lake lote, herufi kwa herufi. Mbele yake akaandika saa kumi na moja kamili.

Mlinzi alilivuta daftari karibu na macho. Akanyanyua mkono wake wa kushoto, akaangalia saa yake muda mrefu. Ilisema tisa na dakika ishirini. Barabarani hapakuwa na kitu ila madimbwi, na mbali, upande wa kambi ya jeshi, pikipiki moja iliyosimama ikinguruma mahali pamoja.

"Saa yangu inachelewa," alisema mlinzi. "Tangu jana inachelewa."

Akafunga daftari, akaketi juu yake, na kwa kidole akawaonyesha njia ya nyuma, ile ya magari ya takataka.